Mtikiso wa Njia ya Takaungu

Mjukuu wangu Athmani,

Fundi wa magari mzima wewe, Nairobi imekumeza, huji kutuona, huna haya? Naandikiwa hapa Takaungu, msibani kwa dada yangu Rukia. Aliugua, akatamani mkate wangu wa sinia, nikaupika nimpelekee. Pikapu ya mjomba wako ilianza kutikisika Malindi, ikazidi. Akasema, "Mama, ni injini."

"Injini iko mbele, mimi natikisika matako! Tazama gurudumu la nyuma."

Akacheka. Najuta sikumlazimisha asimame. Tulipofika Gede gurudumu likayumba, nati zimelegea, na spana hana. Mpaka tukapata wa kutuazima, alasiri imeingia; tulipofika hapa tukakuta amefariki na jeneza limeshatoka. Mkate ungali mapajani. Uso wa dada yangu sikuuona.

Ukija, spana utakazomletea mjomba wako zingoje garini. Uso wako niletee kwanza.

Nyanya yako