Maganda Yenye Majina

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba goti limetulia na mjukuu anakuachia usingizi kidogo. Sisi huku wazima. Nyumba yako naiangalia kama ulivyoniagiza: madirisha nafungua asubuhi, nafunga jioni, na paka anakula kuliko mimi.

Habari kubwa ni kwamba nimekuwa mwalimu wa mazingira. Usicheke bado. Mwalimu mkuu alisema kwa kuwa nimefundisha usafi miaka kumi na tisa, mazingira ni usafi uleule, ila umetoka nje ya mlango. Akatupa kipande cha ardhi nyuma ya darasa la nne, tupande mboga kwa mboji ya kutengeneza wenyewe. Akaongeza kwamba mkaguzi asipokuta mboji iliyoiva, panamwagwa saruji pawe pa kuegesha magari. Shule nzima ina gari moja, nalo ni lake.

Watoto wakaipenda bustani hiyo kuliko mapumziko. Niliwaambia walete maganda ya nyumbani, wakaleta. Wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita, rundo limekaa tu, halinuki, haliozi, linameta kama vyombo vya wageni. Nikalimwagia maji, nikalifunika, nikaligeuza, wapi! Siku moja nikaokota ganda la ndizi, nikakuta limeandikwa jina kwa wino, pamoja na darasa. La pili vivyo hivyo. Nilipouliza, wakanieleza kwa fahari kwamba huyaosha kwa sabuni, huyaanika mpaka yakauke, kisha huandika majina, kwani ni mimi niliyewafundisha kwamba kitu kichafu hakiingii shuleni na kisicho na jina hupotea. Kumbe ndiyo sababu wananiita Bwana Sabuni. Nilidhani ni heshima.

Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Jumatano, watoto walipokwisha kwenda kwao, nikaazima toroli nikafanya safari sita, mgongo ukilia kama bawaba. Kesho yake mkaguzi akakuta mboji nyeusi, laini, yenye minyoo iliyonona. Akaishika, akainusa, akanipongeza mpaka mwalimu mkuu akafuta jasho, maana alikwisha kumwita fundi wa saruji. Hapo binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye huwa hasemi, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ganda langu jana lilikuwa hapa juu. Limekwenda wapi?"

Dada, muda wote huo nilikuwa nawahubiria kwamba hakuna taka inayopotea, kila kitu kina kinakokwenda. Wote arobaini na wawili wakanikodolea macho. Uongo mzuri kabisa nilikuwa nao mdomoni. Nikaumeza. Nikasema ganda lake liko nyuma ya stoo, na mboji hii si yetu.

Mkaguzi akauliza ni ya nani.

Sasa kama umesimama, kaa. Ni yako. Ni lile rundo la nyuma ya jiko lako, la miaka minne, ambalo kila nikija kula kwako naliita jalala, nawe meneja wake. Nimelichukua lote. Limebaki duara la udongo na kuku wawili wa jirani waliopigwa na butwaa. Sina la kujitetea.

Mkaguzi alifunga daftari lake. Alisema shule haina mboji, ila inaelekea kuna mwalimu wa mazingira mtaani, na si mimi. Akatuongezea miezi mitatu, kwa sharti kwamba mwenye rundo aje awafundishe watoto. Mwalimu mkuu akauliza kama huyo dada atakubali. Nikajibu kwamba ameshakubali.

Nisamehe, mdomo ulinitangulia. Basi Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi kwako, saa nne asubuhi, watoto watakungoja. Nimewaahidi kwamba utawatajia kila kosa nililofanya, nami nitakaa dawati la nyuma na daftari jipya. Njoo na hasira yako yote, ila ukinisema, niseme palepale bustanini, wapate kuandika.

Mpe mzazi pongezi zangu, na mtoto umbusu.

Ni mimi mdogo wako, na sasa mwanafunzi wako.