Filamu ya Waitalia na Mchumba wa Adero

Kaloleni, Kisumu
11 Agosti 1991

Baba yangu mpendwa, Mzee Zadock,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walio hapo Uyoma. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na goti limetulia. Ile dawa ya kupaka niliyompa dereva akuletee, uliipata? Yangu ilikuwa na kifuniko cheupe. Kama uliyopewa ina kifuniko chekundu, ujue mtu ameibadilisha njiani, na mimi nina mawazo yangu kuhusu huyo dereva. Huku mimi ni mzima. Binti yako Adero yuko, lakini siwezi kuandika kwamba ni mzima, na utaelewa kwa nini. Barua hii nimeibandika gundi mara mbili. Ukiona imeguswa usimwambie mtu, tutaongea tukikutana.

Naandika Kiswahili kama tulivyozoea tangu nyumba za reli, Mama alipokataa watoto wake wagawane kati ya Kijaluo na Kimaragoli. Jibu lako nimelipata. Umesema wazee wa kina Dalmas wasikanyage boma lako kumposa Adero mpaka nikueleze kwa kiapo nilijuaje kwamba huyo kijana si daktari. Ni haki yako. Katika barua ya Juni nilikuandikia tu kwamba ni mwongo na kwamba nina ushahidi, nikanyamaza hapo. Sasa naeleza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Dalmas unamjua kwa jina tu. Ni kijana wa Seme, mrefu, mpole, anasema anatibu watu hospitali ya Kombewa. Adero alikutana naye kwenye kwaya. Baba, si unanijua, mimi sidanganyiki ovyo, na huyu nilimtilia shaka siku ya kwanza. Kwanza alinisalimia kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Nani anamsalimia shemeji wa rika lake kwa mikono miwili bure? Nikasema, huyu anataka kitu. Halafu akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, siku gani za wiki niko zamu kazini. Na kila Adero alipomwomba wapitie hospitali ya mjini wanisalimie kazini, stoo, alikuwa na udhuru. Nikawaza, naam, daktari wa uongo lazima aogope hospitali, maana huko kuna madaktari wa kweli.

Ndipo ikaja ile filamu. Kuna Mathenge, anayeuza vipuri vya baiskeli karibu na soko. Nyuma ya duka ameweka televisheni na video, na Jumapili baada ya kanisa watu hukaa kwenye mabenchi kutazama. Alileta kanda ya Waitalia iliyotengenezwa miaka kama minane iliyopita, imechakaa mpaka picha inatetemeka. Mjane mmoja anarithi kinu cha kusaga ngano, na chini ya kinu wamezikwa wafu bila sala. Basi wanatoka mmoja mmoja, wanaua watu. Kwa nini wanatoka? Huambiwi. Kwa nini wanamwua mpishi ambaye hajamkosea mtu? Huambiwi. Midomo inasema sasa na sauti inafika baadaye. Polisi anaingia kutoka kwenye mvua kubwa na koti lake ni kavu kabisa. Mtu mmoja anasagwa kichwa na jiwe la kinu, na damu inayotoka ni nyekundu kama rangi ya kupaka kucha. Mpaka mwisho hujui kama mjane amepona au amekufa. Inakatika tu, na watu wanabaki wakimlaumu Mathenge ati ameficha kanda ya pili.

Lakini nisikufiche Baba, ile filamu ni nzuri. Nimeiona mara nne. Kuna mahali mjane anashuka ngazi na taa mkononi, ukuta mmoja wa buluu na mwingine mwekundu, na hiyo buluu haina mahali inapotoka, na wala hutaki kuuliza. Kinanda kinapigwa polepole, watoto wanaimba bila maneno. Yawa, mgongo unakusisimka! Na mtu anapokufa, hao Waitalia hawaharakishi. Wanamtazama usoni mpaka amemaliza. Watu wengi hugeuza uso, wao hawageuzi, na hilo nililipenda ingawa sikujua nimwambie nani.

Jumapili ya kwanza ya Juni nilikwenda na Adero na Dalmas. Tulipofika mahali binti amelazwa mezani, amekufa siku tatu, Mathenge alisimamisha kanda kwa sababu mama mmoja alikuwa ameanza kukemea kwa jina la Yesu. Ni Nabalayo, yule anayechukua dagaa wa omena ufukweni Dunga na kuuza hapa mtaani. Alisema huyo binti ni maiti wa kweli, kwamba Wazungu hununua maiti za maskini na kuzikatakata kwenye filamu, na kwamba kila aliyelipa kiingilio ana dhambi ya damu. Watu wakaanza kuinuka. Mimi nikapandwa na hasira. Nilisimama nikawaambia waache upuuzi, huyo binti anapumua, watazame shingo. Nikawaambia maiti usipomfunga taya hubaki wazi, damu yake hushuka ikatulia upande aliolalia, na ukimchoma kisu siku ya tatu hairuki, maana moyo umesimama. Nikaeleza vidole. Nikaeleza macho. Niliposhtuka, waliokuwa wameinuka walikuwa wameketi tena. Nabalayo akaniuliza karani wa stoo amejifunzia wapi mambo hayo. Adero naye akageuka akanitazama.

Hapo Dalmas akainuka, anacheka. Akasema shemeji anasoma magazeti mengi, wasimsikilize. Yeye kama daktari anawathibitishia kwamba Waitalia hawajakosea kitu, maiti hata wa wiki nzima huruka damu hivyo hivyo. Watu wakapiga makofi. Nabalayo akamtazama, akaguna, akaanza kubishana naye yeye. Nilikaa chini. Baba, hakuna daktari duniani asiyejua kwamba mfu haruki damu! Usiku huo huo nilikuandikia.

Tangu ulipowakataza wazee wake, Adero ameacha kwaya. Anapika ugali wa mtu mmoja na kuula ameupa ukuta uso. Aliniambia mara moja tu, kwamba nimemvunjia maisha na sijamwambia hata kosa ni nini. Dalmas hakuja kujitetea. Alimwambia Adero kwamba bila shaka kaka yake ana sababu, asigombane nami. Hata hilo lilinitia shaka. Mtu aliyeonewa si hupiga kelele?

Basi Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda Kombewa kumfumania. Sikutuma habari. Nilimuuliza bawabu kama hapo kuna daktari Dalmas, nikitegemea aseme hamjui. Akanionyesha mlango. Nilimkuta anamshona mtu mguu uliokatwa na jembe, anashona vizuri, mkono haumtetemeki, na benchi la nje limejaa wanawake wanaomngoja yeye. Hata hivyo sikuridhika. Nilimwomba muuguzi mmoja, Mwihaki, anionyeshe cheti. Akanitazama kama kichaa lakini akanipeleka kilipo. Jina ni lake. Nilikwaruza muhuri kwa ukucha, Baba. Haukutoka.

Dalmas alipomaliza alininunulia chai nje ya geti. Nilimuuliza kwa nini basi alisema uongo mbele za watu. Akakoroga chai. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba anajua ninafanya kazi wapi. Mwaka juzi alikuwa mwanafunzi hospitali ya mjini. Siku moja alirudi peke yake kuchukua daftari alilosahau mahali fulani, akanikuta. Alisimama mlangoni kidogo, akaondoka bila daftari. Baadaye, alipofika kwetu na Adero na kuona picha ya Mama ukutani, ndipo alipoelewa alichokiona. Akaamua kwamba ni habari yangu mimi, si yake. Aliniuliza zamu zangu ili asije akamleta Adero siku nipo. Kwa Mathenge aliona kwamba swali moja zaidi la Nabalayo litanivua nguo, akaona heri wamcheke yeye. Mikono miwili alisema ni heshima tu. Nililia pale Kombewa, mtu mzima, mbele ya wauza ndizi.

Baba, mimi si karani wa stoo, na sijawahi kuwa. Tangu mwaka 1986 nafanya kazi mochari. Naosha maiti, nawavisha, nawakabidhi kwa jamaa zao. Niliposikia umeshawatangazia watu wote kanisani kwamba mwanao anashika kalamu, nilishindwa kukurekebisha. Nawajua watu wa nyumbani. Nani angepokea kikombe kutoka kwangu? Nani angenipa mtoto nimbebe? Na wewe mwenyewe, sikuwa na hakika. Kwa hiyo miaka mitano nimekuwa nikimchunguza kila mtu, na mwongo ni mimi.

Alichokiona Dalmas ni hiki. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa zamu. Mwenzangu Obiero aliniambia nitoke, yeye atamshughulikia. Nilikataa. Nilichemsha maji, maana pale tunatumia ya baridi, nikamwosha Mama peke yangu, nikiongea naye. Najua si kazi ya mtoto wa kiume, unihukumu utakavyo. Mlipofika na gari nilitoka mlango wa nyuma, nikavua gambuti, yale mabuti ya mpira ya kazi, nikazunguka mbele, nikaangua kilio kama mtu aliyefika saa hiyo. Ulipofunuliwa jeneza ulimtazama sana. Ukauliza ni nani aliyemfunga kitambaa kwa fundo la juu ya sikio la kushoto, kama alivyojifunga mwenyewe siku za kanisa. Wakakujibu ni mfanyakazi tu wa pale. Ukasema ungependa kumshika huyo mtu mkono. Wakakuambia ameshaondoka. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Baba.

Hicho ndicho kiapo changu. Ile barua ya Juni ichome. Wapokee wazee wa Dalmas, hata mwezi huu ukiweza, na umwandikie Adero wewe mwenyewe, maana maneno yangu hayasikii tena, naye haya mengine bado hayajui. Ukiona vyema niwe mbali siku hiyo, nitabaki mjini na sitanung'unika.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia, hata wale utakaoona heri wasijue. Mungu akulinde wewe na goti lako. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nitasimama getini, sitaingia mpaka utoke. Ukinipa mkono nitaupokea, na usiponipa nitageuka nirudi kazini.

Ni mimi mwanao, mwosha maiti,
Absalom