Sketi Iliyochelewa

Tarehe 10 Februari

Kasuku wangu,

Hujambo mwanangu? Kifua kimepona? Dada yangu naye, ile miguu bado inamvimba? Mimi mzima, cherehani ndiyo inayoumwa.

Shuleni nimewaambia umehama. Majirani wanajua umekwenda kumuuguza mama yako mkubwa, na wewe ukiulizwa na mtu sema hivyo hivyo. Simu usipige, ninaposhonea ni kibanda tu, na wateja wana masikio. Andika. Kula vizuri, na mchana usikae mlangoni.

Ni kwa faida yako.

Mama yako

Tarehe 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini cherehani imepata nafuu. Mama mkubwa hajambo, miguu imepungua, mdomo haujapungua. Mimi tumbo limekua, siku hizi nalala ubavu.

Mama, kwa nini umesema nimehama? Mwalimu wa darasa aliniambia nisome mpaka nitakapochoka, nikijifungua nirudi, kiti changu hakiendi popote. Nilikueleza jioni ile ile. Ukajibu kwamba mwalimu huyo hana binti. Yule kijana aliyenipa mimba bado anaingia darasani kila asubuhi, na hakuna aliyemwambia asikae mlangoni.

Nataka kurudi. Sketi yangu ya shule ipo kabatini kwako. Ipanue kiuno, uitume. Nikiipata nitajua umekubali.

Najua nimekuaibisha. Nikikumbuka siku ile nilipokuambia, ulivyoinamia cherehani ukaendelea kushona, natamani ungenichapa.

Mwanao, Kasuku

Tarehe 19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yangu uliipata? Mama mkubwa anasema posta siku hizi mbovu, lakini anasema huku akitazama pembeni. Sketi bado naingoja.

Binti yako

Tarehe 5 Juni

Mwanangu Kasuku,

Hujambo? Naona haya hata kukuuliza hali, kwa sababu kama ningetaka kuijua ningekujibu mapema. Posta haina kosa. Barua zako zote mbili zilifika.

Sketi niliifumua siku ile ile ilipofika ya kwanza. Akaingia mteja, nikaificha chini ya vitambaa. Kesho yake nikaitoa, akaingia mwingine, nikairudisha. Mwishowe nikaacha kuitoa.

Juzi akaja mwalimu wako wa darasa na msichana mmoja wa kidato cha chini, mjamzito, tumbo mbele, anatafuna karanga. Walitaka sketi yake ya shule ipanuliwe. Nilimzungushia futi kiunoni, na mtoto akapiga teke chini ya mkono wangu. Msichana akacheka, akasema, "Huyu naye anataka kupimwa." Nilishona wakiwa wamekaa pale pale, nikamtilia mpira kiunoni ili tumbo likikua lisimbane. Mwalimu akaniuliza, "Wako anaendeleaje huko alikohamia?" Nikamjibu, "Vizuri sana."

Walipoondoka sikuweza kutunga uzi. Mtoto wa mwenzangu nimemshonea akisubiri, wa kwangu nimemficha. Na teke la mjukuu wangu mwenyewe sijaligusa.

Nilifunga kibanda nikawafuata shuleni. Nikasema yote mbele ya mwalimu mkuu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Kiti chako kipo. Namba ya dada yangu nimewaachia. Sketi ni hii.

Nisamehe, mwanangu. Sikuwa nakulinda wewe, nilikuwa nalinda jina langu.

Mama yako

Tarehe 21 Juni

Mama,

Shikamoo. Mama mkubwa mzima, anakusalimu. Sisi wawili pia wazima.

Ndiyo, wawili. Alikuja mwishoni mwa Mei, mapema kuliko tulivyohesabu, na sketi ilikuwa haijafika. Ni wa kike, ana vidole virefu kama vyako. Nililia nikikuita. Mama mkubwa alishika simu akupigie, nikamkatalia. Nilitaka ujue baadaye, uumie. Sasa umejua, na raha niliyoitafuta sijaiona. Nawe unisamehe, Mama.

Sketi nimeijaribu. Ulivyoipanua, tunaingia mimi na Mama mkubwa, na nikitembea peke yangu inadondoka. Ipunguze, ila kitambaa usikikate, kikunje kwa ndani. Shati nalo ulitilie vifungo vinavyofunguka upesi, maana mwalimu wa darasa amepiga simu hapa, akasema kuna chumba nitakachonyonyeshea wakati wa mapumziko. Nilimsikia Mama mkubwa akimjibu, "Ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," mara hii bila kubishana na mtu.

Sketi siitumi. Nimeitundika nyuma ya mlango. Njoo uipunguzie hapa, sindano ipo. Futi yako uje nayo, kuna mwingine anataka kupimwa.

Mwanao, Kasuku