Meno ya Hamida

Namanyere, 3 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje tangu operesheni? Ridhiwani akikusomea barua hii asiruke mistari, namjua kaka yangu. Sisi wazima, ila baridi inatutesa.

Ningepiga simu, lakini Mzee Felisian amekaa hapa hapa dukani na masikio yake. Kaleta magunia arobaini ya mahindi. Nimeuma punje, haikulia kah! Imebonyea, bado mbichi. Nimeuma ya gunia jingine, vilevile. Yeye anashikilia kwamba yamekauka, na ananicheka: "We mtoto, baba yako hajawahi kunirudisha." Ninunue au nimrudishe? Nisije nikakuvunjia urafiki wa miaka ishirini. Kondakta wa basi anasubiri barua.

Mwanao,
Hamida

Sumbawanga, 4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Macho bado yamefungwa, Ridhiwani ndiye anayeniandikia, lakini uji wa shangazi yako ndio utakaoniua kwanza. Felisian ni mtu wangu, hana longolongo. Nunua, usijisumbue.

Baba yako

Namanyere, 30 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini bandeji zimetoka salama.

Mahindi ya Mzee Felisian yameota ukungu. Stoo nzima inanuka. Tumemwaga magunia ishirini na sita, na nimelia mpaka kichwa kinauma. Siyo hasara tu, baba. Nilijua! Punje ilikuwa mdomoni mwangu mimi, halafu nikakuuliza wewe uliyelala Sumbawanga na macho yamefungwa. Tafuta mtu mwingine wa kukaa dukani. Mimi siwezi.

Mwanao,
Hamida

Sumbawanga, 1 Agosti

Hamida mama,

Marahaba, na ufute machozi. Naona vizuri sasa, naandika mwenyewe. Kosa ni langu. Niliamua kuhusu mahindi ambayo sikuyauma, kisa tu namjua mwenye nayo. Mpuuzi mimi.

Sasa nikupe siri. Ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa unapenda kukaa kwenye mizani. Nikiuma punje, nakupa na wewe uume. Watu walidhani nakuchezesha. Wapi! Nilikuwa nakutazama uso. Ukikunja pua, sinunui. Meno yangu yaliharibika zamani, mwanangu. Sifa zote nilizopewa sokoni zilikuwa zako, nikanyamaza kwa kiburi, ukakua hujui. Nisamehe.

Dukani utakaa wewe. Na ukiniuliza tena habari za mahindi, sitakujibu.

Baba yako anayekupenda

Namanyere, 23 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika, nikuambie ukweli. Miaka yote hiyo unanificha! Ya nne nikacheka.

Mzee Felisian alikuja tena, magunia thelathini. Nikauma. Punje ikabonyea, nikamwambia, "Mzee wangu, haya bado. Kayaanike tena." Alifoka, we! Akakupigia simu mbele yangu mara tatu, hukupokea. Najua ulikuwa umeishika mkononi, baba, mjanja wewe. Akapakia mahindi yake akaondoka.

Siku sita nilikuwa na hofu kwamba nimekupotezea rafiki. Jana kayarudisha. Nikauma gunia moja moja, yote yakalia kah! Nimeyanunua. Mwenyewe bado amenuna, salamu anaitikia kwa shida.

Sikuulizi kama nimefanya vyema, baba. Nakuarifu tu.

Mwanao,
Hamida