Tundu la Tanuru

Jumatatu, 4 Agosti
Kidato cha sita, vipindi viwili. Mwanga wa vitu vyenye joto. Nimechora mistari miwili ubaoni: wa hesabu za zamani, unaopanda bila kikomo kuelekea mwanga wa zambarau na kuupita, na wa vipimo, unaoshuka. Neema, mwanafunzi wa dawati la mbele, akauliza, "Madam, kwa hesabu ile ya kwanza, si hata jiko la mkaa lingetuua?" Lingetuua, kwa mionzi isiyo na kikomo. Mpaka mtu alipokubali kwamba nishati hutoka kwa vipande, kwanta, ndipo hesabu ikalingana na moto. Mimi mwenyewe mwili ulisisimka.

Jumatano, 6 Agosti
Baada ya kazi, bodaboda mpaka Kakese kwa Baba. Anachoma matofali, kawasha jana. Hajawahi kuwa na kipimajoto. Husoma rangi kwenye tundu la tanuru: nyekundu nzito, nyekundu, chungwa, hapo huacha kuchochea. Rangi moja ni joto moja, liwe tofali au chuma. Nilichungulia, nikaona kile chungu anachokiweka ndani kila mara kama alama ya kutazama, mdomo na mshikio wake. Kimekuwa chekundu. Baba anasema bado ni cheusi. Sikumbishia. Nimeogopa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekosea hesabu ubaoni mara mbili. Kichwa kiko Kakese.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, hakuna shule. Nilifika saa nne asubuhi. Baba bado anasukuma magogo. Tanuru limeinama upande mmoja, matofali ya chini yameanza kuyeyuka. Likiporomoka, litamwangukia.

Nikachungulia. Chungu hakipo. Matofali hayapo. Hakuna ukingo, hakuna kivuli, chungwa tupu. Najua sababu: vyote vimefikia joto moja, vinatoa mwanga mmoja, jicho halina cha kutenganisha. Nafundisha hilo. Lakini nilihisi dunia imefutwa mle ndani.

"Unakiona chungu?" Baba akauliza.

"Sikioni."

Akacheka kwa furaha. "Basi siyo macho yangu."

Nilitamani ninyamaze. Nikamuuliza anaona rangi gani.

"Wekundu. Kidogo, kama makaa yanayozimika."

Mwanga wa chungwa ulikuwa umemjaa usoni. Nikamwambia ni chungwa. Akakaa chini, akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Ziba midomo ya tanuru." Nikaziba yote kwa tope, peke yangu. Nililia.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeomba ruhusa, nikampeleka hospitali. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema moto wa miaka mingi umechangia. Atapasuliwa, jicho moja kwanza.

Jumapili, 17 Agosti
Tumetoka kanisani, tumepita kwenye tanuru. Limesimama. Tunduni ni giza, ukutani hakuna hata dalili ya mwanga. Baba alisimama hatua tatu mbali, macho kafumba, viganja mbele.

"Bado linatoa joto," akasema.

Nikafumba macho, nikanyoosha viganja. Kweli.