Honi ya Korongoni

Kaka Shabani,

Nimekukasirikia. Nianze hapo hapo, maana kwenye klabu yetu ya sayansi ulitufundisha kwamba tatizo hutajwa kwanza. Tangu tukuzike nakuombea dua, na dua ikiisha nakugombeza.

Wenzako mliomaliza nao chuo Dodoma walibaki mjini. Wewe kila Jumamosi ulipanda basi ukarudi Kondoa kutulea sisi wa kidato cha tano, wanafunzi wa sayansi tusiojua hata kushika bisibisi. Korongo la kwenu ulilijua wewe: mchanga mtupu, mbuzi wanavuka, kumbe milimani kumenyesha na maji yanakuja na magogo. Ndipo tukatengeneza ile honi. Nyaya mbili kwenye nguzo kule juu, maji yanakotokea. Maji yakizigusa, honi ya pikipiki inalia kivukoni. Ilipolia mara ya kwanza ulicheka mpaka ukakaa mchangani. "Haya, wanangu, imesema!" Wanangu! Na posa yenyewe ulikuwa hujapeleka popote.

Kisha yakaja maonyesho ya sayansi Dodoma. Sisi tulitaka kupeleka picha. Ukasema, "Waamuzi hawaamini picha. Ng'oeni yenyewe, mvua bado." Tukaing'oa, tukaifuta matope, tukaipaka rangi. Na tukashinda, Kaka. Ukatutangulia kurudi ili ukampe mama yako habari, sisi tukabaki kufungasha.

Waliokuona wanasema ulisimama ukingoni kidogo, kama mtu anayesikiliza. Halafu ukavuka, kumbe milimani mvua imewahi.

Ulikuwa unasikiliza nini, jamani? Honi ilikuwa kwetu, Dodoma, ndani ya boksi! Lakini nakuelewa, na ndicho kinachoniuma. Sote tulishazoea: honi ikinyamaza, vuka.

Baada yako klabu ilikufa. Wazazi walisema sayansi imeua. Mkuu wa shule akaifungia honi kwenye kabati la vioo ofisini kwake, pembeni ya kombe, wageni waione. Tulimwomba ruhusa ya kuirudisha korongoni, akasema itaibiwa. Mvua za msimu zikakaribia, watoto wa kwenu wanavuka kwenda shule, na honi ipo kabatini inang'aa rangi.

Arobaini yako ilipopita, mama yako alikuja shuleni mwenyewe. Akaketi kwenye benchi la nje ya ofisi, kanga kichwani. Alipoitwa ndani alisema maneno machache tu: "Mwalimu, humo kabatini inamlinda nani?" Mkuu akatafuta ufunguo bila kumtazama.

Tukaifunga tena mimi na Rehema wa klabu, bila wewe wa kutushikia nguzo. Wiki iliyopita ikalia. Jua kali, mchanga mkavu, na mama yako amefika ukingoni na mzigo wa kuni. Akasimama. Sote tukasimama. Maji yakaja, mekundu, yakapita pale pale yalipokuchukua. Mama akatua kuni, akasema, "Angeisikia." Basi. Akalia, na sisi tukalia naye.

Pumzika, Kaka. Mungu akupokee vizuri kuliko tulivyokuaga. Jumamosi nakwenda kupima betri, na honi haitoki tena korongoni, hata aje kuiomba waziri. Klabu tumeifungua upya, wamekuja wadogo wachache wa kidato cha kwanza. Nakuahidi watajifunza kwangu lile ambalo wewe hukuwahi kutufundisha: honi ikinyamaza, kwanza katazame kama ipo.

Mdogo wako,
Mwajuma