Kitambaa Chekundu cha Dirishani

Nyumbani kwa mwanangu,
Nyumba ya nyuma ya karakana ya seremala.
Jumanne, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu za kujaza gunia, na zitakazomwagika umgawie shemeji. Hujambo wewe? Vipi lile goti, limekubali dawa ya kuchua au bado linakununia kila ukifika kwenye ngazi? Mimi ni mzima, ila mgongo kidogo, na huo mgongo utasoma hapo mbele ulivyopatikana. Mzee wangu nimemwacha nyumbani na sufuria mbili na maelekezo. Nasikia bado yu hai.

Barua yako ilinikuta sijasafiri. Niliisoma mara mbili, na pale ulipouliza huyu mtoto atakaa tu nyumbani mpaka lini, nilipasoma mara tatu. Nakumbuka nilivyokujibu kwa simu, nikajipiga kifua mpaka jirani akasikia. Nilikwambia unishikie hiyo nafasi ya mapokezi hapo nyumba ya wageni unayoisimamia, unishikie mpaka mwisho wa mwezi tu, na mimi mwenyewe nitakuletea mwanangu kwa mkono wangu huu. Dada, unanijua, nikisema nimesema. Basi isome barua hii taratibu, maana leo nilichosema nakirudisha.

Kwanza wajukuu. Wa kwanza ana miaka mitano, tunamwita Bi Mkubwa kwa jinsi anavyotoa amri. Shule zimefungwa kwa hiyo amri zote ziko nyumbani. Wa kati ana miaka mitatu, huyo ni Bwana Sitaki. Ukimwambia njoo, hataki. Ukimwambia haya usije, hilo nalo halitaki. Wa mwisho ni Kibonge, miezi minane, na mashavu yale ni ya ukoo wetu, upande wa baba yake wasijisumbue kuyadai. Mkwe wangu ni fundi umeme, anatoka alfajiri na mkoba wake wa vifaa, anarudi jioni. Kijana mzuri. Lakini mchana kutwa nyumba ni ya mwanangu peke yake.

Niliingia Jumatano jioni. Nyumba gani hii? Kiti kimelazwa ubavu mlangoni mwa jiko. Beseni la maji na vikombe vya plastiki katikati ya ukumbi. Dirishani, upande wa karakana, kitambaa chekundu kilichochakaa kinaning'inia kama bendera ya chama kilichoshindwa uchaguzi. Nikajisemea, dada amesema kweli. Mtoto amezidiwa. Na cheti chake cha mapokezi kiko sebuleni kwangu ndani ya fremu, kinakula vumbi!

Nikapanga hila. Alhamisi asubuhi nikamwambia aende akasuke nywele, asirudi mpaka mchana, nyumba aniachie.

"Mama, utaweza?"

Mimi! Niliyelea watano bila kupoteza hata mmoja! "Nenda zako," nikamwambia. "Kwani wewe ulilelewa na nani, redio?"

Akaanza kunieleza habari za kiti, sijui beseni, nikamkatiza. Nilitaka akirudi aikute nyumba inameta na watoto wametulia, aone kwamba kazi hii hata bibi wa miaka sitini na mbili anaifanya huku anakunywa chai. Akose kisingizio, nimbebe nikuletee.

Alipotoka tu, nikajifunga kibwebwe. Kibonge alikuwa ameshalala. Kiti nikakisimamisha nikakirudisha mezani. Beseni nikalimwaga. Kitambaa nikakitoa dirishani nikakitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni. Maharage nikayabandika. Nusu saa haikufika, nyumba ikawa ya kupigia picha. Nikamimina chai yangu, nikakaa.

Dada, hata kikombe hakikufika nusu. Chini ya dirisha ikanguruma mashine ya seremala ya kupasulia mbao, hata vijiko vikacheza mezani. Kibonge akaruka na kilio. Nikakimbilia chumbani, nikambeba, nikambembeleza, yeye na mashine wakawa wanashindana nani ana sauti. Niliporudi ukumbini, Bwana Sitaki hayupo. Mlango wa jiko wazi. Maharage yanatokota, maana yake amepita ubavuni mwa moto ule. Mlango wa uani nao wazi.

Kupotelewa na mtoto wako ni msiba, lakini kumpoteza mtoto wa mwanao, tena siku uliyojigamba!

Bi Mkubwa alikuwa anachora mezani. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama aliyechelewa.

"Bibi, si umeondoa kiti."

"Kiti gani?"

"Kile kinacholala. Kikilala Sitaki hawezi kupita. Na beseni lake umelimwaga, sasa unataka afanye kazi gani?"

Nikazima moto, nikatoka mbio peku, mmoja kiunoni na mwingine nimemshika mkono. Hapo ndipo mgongo ulipolia. Nikamkuta Bwana Sitaki karakanani, amekaa juu ya maranda kama chifu, kofia ya seremala imemfika puani, biskuti mkononi. Mashine ilikuwa imeshazimwa, maana seremala alimwona anaingia tu akaizima. Badala ya kumshukuru mwanamume wa watu, nikamvaa.

"Wewe baba, huoni aibu? Mtoto mchanga amelala, unawasha dude lako!"

"Mama yangu, nimechungulia dirishani kwanza," akasema, taratibu kabisa. "Kitambaa kikiwepo, mtoto amelala, nafanya kazi na randa ya mkono. Kisipokuwepo, yu macho, nawasha mashine. Ndivyo tulivyopatana na binti yako, na hajawahi kukosea. Leo nani amekitoa?"

Nani amekitoa, dada! Kilikuwa kwenye ndoo, kinanukia.

Mwanangu alirudi kasukwa vizuri, kichwa kama changu enzi zile. Nikamweleza yote, sikuficha. Hakunigombeza. Alimkumbatia Sitaki, kisha akakiona kitambaa kinachuruzika kwenye kamba, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akakilaza kiti mahali pake.

Tangu saa ile nikafunga mdomo, nikafungua macho. Usione vyaelea, vimeundwa. Lile beseni ni kazi ya Sitaki, anaosha vikombe vya asubuhi pale mama yake anapomwona akiwa jikoni. Na hamwambii osha, thubutu! Anamwambia, "Usiviguse hivyo, ni kazi ya watu wazima," na vikombe vinang'aa. Bi Mkubwa yeye haamrishwi, anaombwa ushauri. Kibonge akilia, mama yake hageuki hata kichwa, anasema hiyo ni njaa, hiyo ni usingizi, hiyo ni deko tu, na hakosei. Juzi alikoroga uji, akamfunga Sitaki kamba ya kiatu, akamfundisha Bi Mkubwa herufi kwa kidole kwenye sinia la unga, yote kwa pumzi moja. Cheti chake hakikupotea bure, dada. Ana wageni watatu wasiolipa, wasiotoka, na kila siku wanalalamikia chakula, na wote anawapokea kwa tabasamu. Sisemi hivi kwa kuwa ni wangu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na ni wangu vilevile.

Nimejiuliza, mimi wale watano niliwaweza vipi? Niliwaweza kwa sababu mama yetu alikuwa jikoni, na wewe ulikuwa mlango wa pili. Mwanangu hana mtu. Kwa hiyo amemwajiri seremala, na kiti, na kitambaa.

Jumamosi nikampa ujumbe wako. Alikuwa anakunja nepi, akasimama.

"Mama mkubwa amekasirika?"

Hilo ndilo aliloliuliza kwanza, dada. Si mshahara, si saa za kazi. Halafu akaniambia, "Mwenzangu na mimi tumelizungumza sana. Kazi ile naipenda na nitairudia. Lakini hawa ninao sasa, mama, mwakani watakuwa watu wengine. Kibonge akianza shule nitakwenda mwenyewe kupiga hodi kwa mama mkubwa, na nikikuta pamejaa sitalaumu. Usimwambie nimekataa. Mwambie nimemwomba asinichoke."

Kisha akageukia nepi zake, lakini ile moja aliikunja mara nne.

Basi dada, hiyo nafasi mpe mwingine, usiishike tena. Aliyekuahidi ni mimi, si yeye, kwa hiyo ukinuna ninunie mimi, nimezoea tangu utoto. Ila yeye mwandikie. Hata mstari mmoja unatosha. Wewe ndiye uliyemfundisha baiskeli, ndiye aliyekuwa akivaa viatu vyako akijiita wewe. Kila asubuhi ananiuliza kama umepiga simu, kisha anajifanya aliuliza kitu kingine. Na huo mstari usiwe na neno "kukaa". Nina siku sita hapa, sijamwona amekaa ila alipocheka.

Msalimie shemeji, na mwanao mkubwa na mkewe, na yule mkweo mcheshi mwambie nimepata mwenzake, ni seremala. Wajukuu wako wabusu mashavuni kwa niaba yangu, kama wana mashavu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, goti likunyookee, na mlango wako usikose mtu wa kupiga hodi kwa heri.

Nakuandikia wote watatu wamelala, na mama yao nimemlazimisha alale pia. Nje nasikia randa ya mkono, swii, swii. Kitambaa nimekitundika mwenyewe. Kimetakata kwa ile sabuni, seremala anasema sasa anakiona akiwa mwisho wa barabara. Ningeandika zaidi, lakini Kibonge ameanza kujinyoosha. Acha nikakitoe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Mama wa mwanamke mwenye kazi.